Namna ya kutumia neno "quiet": mwongozo kwa wanaoanza kazi na wageni Arusha na Moshi

Kila msimu, wageni wanapoanza kujaa na vijana wapya kuingia kazini, maswali yanayokuja ni yale yale. "Quiet" na "quite" yana tofauti gani? Nikimwambia mgeni "be quiet", nimemkosea adabu? Mgeni anayeomba chumba "quiet" anataka chumba gani hasa? Mwongozo huu unamhusu aliyeko mapokezi, mhudumu wa vyumba, dereva, mpagazi anayejiandaa kuwa mwongoza wageni, na yeyote anayejibu meseji za wageni, iwe Moshi mjini, Marangu, Usa River au Njiro.

Shika jambo moja kabla ya yote. "Quiet" si ukimya wa kutosikika kitu chochote. Ni hali ya kelele kuwa ndogo, shughuli kuwa chache, au mtu kuwa na maneno machache. Ndiyo maana lina viwango: "a bit quiet", "very quiet", "quieter than yesterday". Anayelichukua kama kipimo hasumbuki. Anayelichukua kama tafsiri ya moja kwa moja ya "kimya" ndiye anayekwama.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye kinasa sauti. Ya kawaida inatosha.
- Kamusi ya wanafunzi ya Kiingereza kwa Kiingereza, au programu ya kamusi yenye sauti ya matamshi. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili pekee haitoshi kwa neno hili, kwa sababu itakupa "kimya, tulivu, -pole" kwa mpigo bila kukuambia lini utumie lipi.
- Daftari na kalamu.
- Mwenzako mmoja wa kukusikiliza. Awe mtu atakayekusahihisha bila kukuonea haya.
- Dakika 20 kwa siku, kwa muda wa siku tano au sita. Usijaribu kumaliza yote kwa siku moja, maana hatua ya kwanza inahitaji sikio kuzoea.

Hatua ya 1: Tenganisha maneno matatu kwa sikio

Maneno yanayochanganywa ni "quiet", "quite" na "quit". Yatamke hivi:

- "Quiet": KWAI-et. Makofi mawili. Nguvu iko mwanzoni, na "e" ya mwisho ni hafifu sana.
- "Quite": KWAIT. Kofi moja.
- "Quit": KWIT. Kofi moja, fupi.

Piga makofi kweli unapotamka, usiwaze tu.

Kosa kubwa hapa linatokana na Kiswahili chenyewe. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na tunapenda neno liishie na irabu, kwa hiyo "quiet" linageuka "kwaYEti". Mgeni akisikia hivyo anakunja uso na kusema "Sorry?", na wewe unadhani hajui Kiingereza cha kwetu. Tiba ni mbili: sukuma nguvu yote kwenye KWAI, na uikate "t" ya mwisho ulimi ukiwa bado umegusa nyuma ya meno, bila kutoa "i" baada yake.

Jirekodi ukisema sentensi hii: "It's quite quiet here." Maana yake ni "hapa pametulia kiasi." Mpe mwenzako asikilize bila kuiona imeandikwa, kisha aandike alichosikia. Mkifanya mara kumi na akapatia nane, endelea hatua inayofuata. Akipatia nne, rudia kesho.

Hatua ya 2: Tenganisha maandishi

Kwenye "quiet", herufi E iko kabla ya T na inasikika. Kwenye "quite", E iko mwishoni na haisikiki. Mara nyingi simu haitakusahihisha hapa, kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Ndiyo maana kosa la "quite room" linaonekana hata kwenye vipeperushi vilivyochapwa kwa rangi na kulipiwa pesa nyingi.

Tumia jaribio hili kabla ya kutuma meseji yoyote. Weka "very" mahali pa neno lenye shaka. Sentensi ikikubali, unahitaji "quite". Ikikataa, weka "noisy". Ikikubali hilo, unahitaji "quiet", ambalo ni kinyume chake.

- "It's ___ cold at Horombo." "Very cold" inakubali, kwa hiyo ni "quite cold". Horombo, kambi ya Kilimanjaro, iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake mgeni atakuuliza kabla hajafika.
- "We have a ___ room at the back." "A very room" inakataa, "a noisy room" inakubali. Ni "a quiet room".
- "Shanty Town is ___ at night." Huo ni mtaa wa Moshi. "Very at night" haina maana, "noisy at night" inakubali. Ni "quiet".

Kuna mahali pamoja jaribio hili linakudanganya: "It's quite a climb." Ukiweka "very" inakataa, lakini neno ni "quite" kwa sababu linafuatwa na "a". Maana yake ni "huo mpando si mchezo." Kwa hiyo ukiona "a" au "an" mara baada ya pengo, andika "quite".

Kuhusu "quit", kumbuka kwamba ni "kuacha" au "kuacha kazi", na wakati uliopita halibadiliki: "He quit last month." "Quited" halipo.

Hatua ya 3: Jua umbo linalofaa

Hapa hakuna mengi.

- Kabla ya kitu: "a quiet street", "a quiet camp".
- Baada ya "is", "keep", "stay", "go": "Keep quiet", "It went quiet". Usiseme "keep quietly".
- Pamoja na kitendo kinachofanywa: "quietly". "Please close the door quietly." "We walk quietly here." Usiseme "walk quiet".
- Kulinganisha: "quieter", "the quietest". "More quiet" wageni watakuelewa, ila "quieter" ndilo wanalosema.
- Kutuliza au kutulia: Waingereza husema "quieten down", Wamarekani husema "quiet down". Jibu kwa lile alilotumia mgeni wako.

Kuna mtego kwenye "quietly" ambao unastahili mstari wake kwenye daftari. Kwa Kiswahili, "ongea taratibu" inaweza kuwa na maana ya kupunguza kasi au kupunguza sauti, na "polepole" vilevile. Kiingereza kinatenganisha: kasi ni "slowly", sauti ni "quietly". Ukimwambia mgeni "speak slowly" kwa sababu kuna mbega juu ya mti, atazungumza neno moja moja kwa sauti ile ile kubwa, na mbega wataondoka.

Hatua ya 4: Tambua "quiet" ya mgeni ni ya kitu gani

Kila unaposikia neno hili, jiulize kwanza: kinachoelezwa ni nini? Jibu linabadilisha maana.

*Sauti au chombo.* "A quiet voice" ni sauti ya chini. "A quiet engine" ni injini isiyonguruma. Haimaanishi injini iliyozimwa.

*Mahali.* Hapa maana ni mbili na huwa zinapishana. "A quiet hotel" inaweza kuwa hoteli isiyo na kelele, au hoteli isiyo na watu wengi. "Rongai is quieter than Machame" haina uhusiano na kelele kabisa. Ina maana kwamba njia ya Rongai, inayopanda kutoka kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, ina wapandaji wachache kuliko Machame. Ukijibu kuhusu kelele wakati mgeni anauliza kuhusu msongamano, ataona hujui njia zako.

*Biashara na msimu.* "April is quiet" ni kusema wageni ni wachache. Aprili na Mei, masika yakiwa yamekolea, ndiyo losizoni yetu. Ukiulizwa "How's business?" na huna wageni, jibu la kawaida ni "It's a bit quiet at the moment." Usitafsiri "biashara ni ngumu" kuwa "business is hard". Mgeni ataelewa kwamba kazi yenyewe inakushinda. "Business is bad" nayo ni sahihi kisarufi, lakini inasikika kama unaomba msaada.

*Siku.* "We had a quiet day" ni "tulishinda tumepumzika tu". Mgeni akikuandikia hivi baada ya safari, halalamiki. Lakini akisema kwa uso mkavu "It was a quiet game drive", anakuambia kwa upole kwamba hakuona wanyama wengi. Usimshukuru. Mwambie kesho mtatoka mapema zaidi, au mtabadilisha upande.

*Mtu.* "She's quiet" ni mtu asiye na maneno mengi. Siyo lazima awe mpole. Mpole kwa maana ya moyo laini ni "gentle" au "kind". Hapa wengi wanajiumiza kwenye usaili: wanataka kusema "mimi ni mtu mpole, sina fujo", wanasema "I am a quiet person", na mwenye kampuni anasikia "sipendi kuongea na wageni". Sema "I'm calm with guests" au "I'm a good listener".

*Siri.* "Keep it quiet" ni "usimwambie mtu". Mgeni anapokunong'oneza "It's my wife's birthday tomorrow, keep it quiet", anataka keki na siri. Usimjibu kwa kwenda kuzima redio.

Hatua ya 5: Tofautisha mdomo, mwili na moyo

Hatua hii ni ya usalama, kwa hiyo ikae kichwani hata kama nyingine zitasahaulika. Kwa Kiswahili "tulia" moja inatosha: mtoto anayepiga kelele tunamwambia tulia, anayerukaruka tulia, anayelia kwa hofu tulia. Kiingereza kina amri tatu, na ukitoa isiyo sahihi mgeni atatii usichokitaka.

- "Keep quiet" ni ya mdomo. Usitoe sauti.
- "Keep still" ni ya mwili. Usijongee, usiinue mkono.
- "Stay calm" ni ya moyo. Usihamaki.

Chukua matembezi ya miguu ndani ya Hifadhi ya Arusha, ambako mnatembea na askari mwenye bunduki na nyati wako uwandani. Nyati ameinua kichwa na anawatazama. Ukimwambia mgeni "Keep quiet!", atafunga mdomo lakini ataendelea kusogea pembeni ili apate picha nzuri. Ametii kabisa. Ulichohitaji ni "Stop. Keep still." Kisha, kwa sauti ya chini: "Stay calm. Now walk back slowly, behind the ranger." Jizoeze amri hizo kwa mpangilio huo mpaka zitoke bila kufikiri, kwa sababu mbele ya mnyama huna muda wa kuchagua neno.

Tena, "still" lina kazi nyingine ya "bado", kama "He's still sleeping." Maana inatokana na mahali neno lilipo: baada ya "keep", "stay" au "stand" ni kutotikisika.

Na "silent" je? Hilo ndilo sifuri. "Silent" ni kutosikika kitu chochote: simu ikiwa "on silent", herufi isiyotamkwa ni "a silent letter". Dereva akitaka wageni wazime milio ya simu karibu na simba, aseme "Please put your phones on silent." Kusema "put your phones quiet" si sahihi. Kwa upande mwingine, usiahidi "silent room". Hakuna chumba kama hicho Arusha, na mgeni akisikia jogoo wa kwanza atakukumbusha ahadi yako.

Nomino yake ni "silence", na si sifa. "He is silence" ni kosa, na "keep silence" iliyoandikwa kwenye kuta nyingi inasomeka kama amri ya kanisani ya zamani. Ukutani andika "Quiet, please." Kama ni chumba cha mtihani, "Silence" peke yake inatosha.

Hatua ya 6: Omba utulivu bila kuudhi

Kiswahili kinalainisha amri ndani ya kitenzi chenyewe. "Nyamazeni!" ni ukali, "kaka, naomba tunyamaze kidogo" ni heshima, na hakuna atakayekasirika. Kitenzi cha Kiingereza hakina uwezo huo, kwa hiyo ulaini unaletwa na maneno yanayotangulia. Panga kuanzia laini hadi kali:

1. "Could we keep our voices down a little, please?" Hii ni ya mgeni yeyote, wakati wowote. "We" inakuingiza na wewe, kwa hiyo haumnyooshei kidole.
2. "Let's be very quiet now." Ya mwongoza wageni kwa kundi, mnyama akiwa karibu. Wageni wanaipenda kwa sababu inaleta msisimko.
3. "Please be quiet." Hii bado ni amri. "Please" haiiondolei ukali wote. Itumie ikiwa umeomba mara mbili na hawajasikia.
4. "Be quiet!" Ya mzazi kwa mtoto, au ya hatari ya kweli.
5. "Shut up." Usiiseme kabisa kwa mgeni. Wenyewe wanaitumia kwa utani wakiwa marafiki, na hilo lisikudanganye.

Kwa muziki au redio usitafsiri "punguza sauti" kuwa "reduce the voice". "Voice" ni sauti ya mtu tu. Sema "Could you turn it down a bit, please?" Kelele ya baa, jenereta au honi ni "noise". Sauti nyingine zisizoudhi, kama maji ya mto au ndege, ni "sound". Ukisema "the noise of the birds", umemwambia mgeni kwamba ndege wanakukera.

Hatua ya 7: Mjibu mgeni anayetaka "somewhere quiet"

Meseji hii inaingia kila wiki, na majibu mengi yanaishia "Yes, very quiet, welcome". Mgeni akifika na kukuta duka la vyuma jirani, maoni atakayoandika yatakaa kwenye mtandao miaka. Fuata mpangilio huu.

Kwanza uliza: "Do you mean quiet at night, or away from other people?" Swali hili moja linatatua nusu ya matatizo, kwa sababu linatenganisha zile maana mbili za mahali.

Pili, kagua mwenyewe. Simama ndani ya chumba, funga madirisha, sikiliza saa tatu usiku na tena alfajiri. Orodhesha kinachosikika: adhana, mbwa wa jirani, jogoo, jenereta umeme ukikatika, baa ya wikiendi, pikipiki, magari ya barabara kuu ya Moshi–Arusha.

Tatu, sema ukweli huo kwa maneno yanayopima. Mifano ya kunakili:

- "It's quiet most of the time, but you'll hear the call to prayer at about five in the morning."
- "The rooms at the back are quieter than the ones facing the road."
- "Friday and Saturday nights can be noisy because there's a bar nearby. Sunday to Thursday is very quiet."

Mgeni aliyeambiwa kuhusu adhana kabla hailalamikii. Wengine huisubiri.

Nne, andika saa za utulivu mahali zinapoonekana, "Quiet hours: 10 p.m. – 6 a.m." Angalia sana saa. Saa nne usiku ni "10 p.m." na saa kumi na mbili asubuhi ni "6 a.m." Bango lililoandikwa "4 to 12" kwa kufuata saa za Kiswahili limewahi kuwekwa ukutani na wageni wakashangaa kwa nini wanatakiwa kunyamaza mchana kutwa.

Hatua ya 8: Jifunze misemo minne tu

Misemo yenye neno hili ni mingi, ila kwa kazi zetu minne ndiyo inayorudi.

"Peace and quiet" ni utulivu wa kupumzika. "We just want some peace and quiet" ni kusema usiwapangie shughuli nyingi. Usiwauzie ziara ya maporomoko ya Materuni asubuhi na ya kahawa jioni. Waache.

"On the quiet" ni kwa siri, mara nyingi kwa jambo lisilo rasmi. Ukisikia mtu anasema kwamba fulani anapokea malipo "on the quiet", ni shutuma.

"A quiet word" ni muhimu kuliko unavyodhani. Mgeni akisema "Could I have a quiet word with you?", anaomba mzungumze pembeni, na karibu kila mara ana malalamiko au jambo la aibu: kitu kimepotea, mwenzake amelewa, bili haieleweki. Usimjibu pale pale mbele ya watu. Sema "Of course, let's step outside", mpeleke kando, kisha msikilize.

"Go quiet" ni kunyamaza ghafla baada ya kuwa unaongea. Kwa wanaopandisha wageni Kilimanjaro, msemo huu una uzito wa kazi. Mtu aliyekuwa akipiga soga tangu getini, kisha kuanzia kambi ya juu hajibu, anajitenga na hataki kula, anahitaji kuangaliwa mara moja, kwa sababu uchovu usio wa kawaida na kubadilika kwa tabia vinaweza kuwa dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mwulize: "You've gone very quiet. Do you have a headache? Do you feel sick?" Kisha mfanye atembee mstari ulionyooka. Kumripoti kwa kiongozi wa msafara usiseme "he is quiet", kwa maana huenda ndivyo alivyo siku zote. Sema "He's gone quiet since lunch, and he's not walking straight." Sentensi hiyo inaonyesha mabadiliko, na mabadiliko ndiyo kiongozi anayohitaji kujua ili aamue kumteremsha.

Ukikwama

*Mgeni anarudia "Sorry?" kila nikitamka.* Rudi hatua ya 1. Karibu mara zote ni ile "i" ya mwisho au mkazo uliokaa katikati. Kama uko kazini na huna muda, zunguka neno: "There's no noise at night." Ataelewa.

*Nimesema "be quiet" na mgeni amenuna.* Usianze kueleza sarufi. Sema "I'm sorry, I meant let's keep our voices down, the animals are close." Ukitaja sababu, ukali unaisha.

*Mgeni kasema chakula ni "quite good". Kafurahi?* Angalia katokea wapi. Kwa Mmarekani "quite good" ni nzuri sana. Kwa Mwingereza mara nyingi ni "si mbaya", na mpishi anapaswa kujua. Lakini "quite right" na "quite sure" ni "kabisa" kwa wote wawili.

*Mgeni kaniuliza "You're very quiet today, are you okay?"* Anakujali tu, hakulaumu. Jibu "I'm fine, thanks, just a bit tired", kisha umuulize yeye swali. Ukijibu "Yes" tu na kunyamaza, ataamini kuna tatizo.

*Tangazo limeshachapwa na lina "quite rooms".* Usikwaruze kwa kalamu. Kama ni la mtandaoni, tafuta neno "quite" katika ukurasa mzima, pitisha jaribio la "very" na "noisy" kwa kila moja, maana aliyekosea mahali pamoja huwa amekosea tena chini. Kama ni la karatasi, bandika kibandiko chenye sentensi nzima iliyosahihishwa, na mpelekee mchapaji nakala mpya kabla ya Juni, wageni hawajaanza kumiminika.

*Nachanganya bado "still" na "quiet" nikiwa na haraka.* Tumia mkono pamoja na neno. Kidole mdomoni kwa "quiet", kiganja wazi kimenyooshwa mbele kwa "still". Waeleze wageni ishara hizo mbili getini, kabla hamjaanza kutembea, na uwafanyishe zoezi mara moja. Hata neno likikuponyoka, mkono utakuwa umefika.